Mwanza hadi Kilimanjaro, Saa Moja na Kidogo

Nakiri leo, na wanaonifahamu wacheke wanavyotaka: mpaka Desemba ile sikuwa nimepanda ndege hata siku moja.

Kwa miaka mingi niliwaacha mwamini vinginevyo. Mtu akiniuliza huwa nakwenda vipi kwetu Moshi nikitokea Mwanza, nilijibu, "Aa, kwa ndege ni saa moja na kidogo tu." Sikuwa nasema uongo, kwa sababu sikusema nani yumo ndani ya hiyo ndege. Kisha nilikwenda stendi kimyakimya, nikapanda basi la kuzunguka Singida, nikafika nyumbani siku ya pili nimevimba miguu na vumbi likiwa mpaka masikioni. Niliwahi hata kuandika makala kuhusu jinsi usafiri wa anga unavyofuta umbali kati ya mtu na kwao. Watu waliisifu. Niliiandika nikiwa nimekaa juu ya sakafu ya saruji, mahali ninapopaamini.

Sababu ilikuwa woga mtupu. Lakini Desemba ile woga ulikosa pa kujificha, kwa kuwa nilikuwa namsafirisha mama.

Baba alipofariki nilimchukua mama, nikaja naye Mwanza. Presha yake ilikuwa haitulii, na kule Old Moshi alikuwa amebaki peke yake katikati ya migomba na kahawa, jirani wa karibu akiwa Mama Ndeshi, ng'ambo ya mfereji. Ndugu zangu wote wako nje ya nchi. Mama alikaa nami Mwanza bila kulalamika, jambo ambalo lingenitisha kama ningekuwa na akili. Sikukuu ilipokaribia akasema anataka kwenda nyumbani kuweka msalaba kwenye kaburi la baba. Nikakubali, kwa sharti moja: tunakwenda wawili, tunarudi wawili.

"Twende kwanza," akasema.

Mimi, mwenye shahada mbili, nililichukua hilo kama ndiyo.

Uwanjani Mwanza

Tulifika asubuhi. Ndege haikufika. Ukumbi ulikuwa umejaa, na sikuhitaji kuuliza ni watu wa wapi. Mwezi wa kumi na mbili kila Mchagga hupanda mlimani kama siafu walionusa mafuta. Kulikuwa na maboksi ya samaki, sato wa kukaushwa, suti ndani ya mifuko ya dobi, baiskeli ya mtoto iliyofungwa magazeti, na akina mama waliosukwa upya. Na mimi nilikuwa na boksi langu la sato.

"Hii ndege ikianguka leo," alisema bwana mmoja mnene mwenye duka la vipuri, "Mwanza nzima hakuna atakayepata hata msumari mpaka Pasaka."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kwa kuchelewa kidogo. Kisha yule bwana akageuka, akamwona mtu aliyekaa peke yake karibu na mlango wa mizigo, amevaa koti jeusi linalomzidi mabega. 

"Samahani kaka," akasema. "Sikukuona. Pole sana."

Mama alimtazama yule mtu kwa muda, halafu akanyanyuka na fimbo yake, akaenda kukaa kando yake. Akamuuliza kwa Kichagga lile swali la kwetu: wewe ni wa kwa nani? Haikuchukua muda wakafika kwa babu wanayemfahamu wote wawili. Aliitwa Elifuraha, fundi wa gereji, na ni wa Old Moshi, ng'ambo ya mto tunaouvuka sisi kwenda kanisani. Alikuwa anampeleka kaka yake mkubwa, Aminieli, kwenye kihamba chao, shamba la ukoo, akazikwe. Aminieli alikuwa ameishi Mwanza tangu ujana wake, akaugua, akafa katika wiki ambayo kila mtu anafunga mizigo.

"Mama yenu yupo?" mama akamuuliza.

"Yupo. Ndiye anayetusubiri."

"Umekula?"

"Sijisikii, mama."

Ndege ilikuja alasiri. Hakuna aliyetueleza ilikuwa wapi, na wote tulikuwa na furaha ya kuiona kiasi kwamba hatukuuliza. Mama aligoma kupanda ngazi mpaka alipoliona jeneza limeingizwa. Mhudumu wa kike alimsihi aingie, akakataa. Hata alipokwisha kuketi na kufungwa mkanda, alimshika yule binti mkono.

"Yuko wapi yule?"

"Nani, bibi?"

"Marehemu."

"Yuko chini, bibi, sehemu ya mizigo."

"Kwenye mizigo," mama akarudia. Hakusema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeonja mboga kuona imekolea chumvi au bado.

Juu ya mawingu

Kuhusu kuruka kwenyewe nitasema machache, maana macho nilikuwa nimeyafumba. Ziwa nililisikia likisimuliwa na watu wa dirishani. Mama alisali kwa sauti ya kawaida, kama anavyosali kabla ya chakula, kisha akaanza kuniuliza maswali ya jiografia. Tuko juu ya nini sasa? Nikamwambia Serengeti, kwa kubahatisha. Kwa hiyo hao nyumbu wako chini yetu? Ndiyo mama. Wao wanakwenda kwa miguu? Ndiyo mama. Akatikisa kichwa, sijui kwa kuwahurumia wao au sisi.

Rubani alitangaza kwamba tunakaribia Kilimanjaro. Nilifumbua macho. Nje kulikuwa kweupe, si kweupe kwa anga bali kweupe kwa maziwa, na ndege ilikuwa inazama ndani yake. Tukashuka, tukashuka zaidi. Kisha injini zikanguruma ghafla, na tukapanda tena. Bwana wa vipuri alimwita Mungu kwa jina la Kichagga. Tulizunguka, tukajaribu tena, tukapanda tena. Sauti ya rubani ilikuwa tulivu mno: mawingu yamelala juu ya uwanja, haoni njia, tunakwenda Dar es Salaam.

Nilipiga hesabu, maana hesabu hunisaidia ninapoogopa. Kwa ndege tulikuwa tumeshamaliza umbali wote wa safari. Nyumbani palikuwa chini yetu kabisa, pengine tulikuwa tumepita juu ya paa la Mama Ndeshi. Na sasa tulikuwa tunapaacha nyuma na kuelekea baharini, umbali mwingine kama ule tuliotoka nao.

Mama aliuliza kitu kimoja tu. "Wamemwambia Elifuraha?"

Elifuraha alikuwa safu ya nyuma yetu. Nilipogeuka, alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kiti cha mbele yake.

Dar es Salaam, tusikokwenda

Dar ilitupokea kwa joto lake. Watu wa kampuni ya ndege walikuwa na adabu: mtalala hotelini, kesho mawingu yakifunguka mtarudishwa. Na kama hayakufunguka? Kesho kutwa. Bwana wa vipuri alikwishaanza kuulizia vyumba vyenye kiyoyozi. Mimi nilikuwa nafikiria kitanda, na zaidi ya kitanda, nilikuwa natafuta njia ya kukaa nchi kavu milele.

Mama hakuwa ametusogelea. Alikuwa amesimama na Elifuraha mbele ya banda la mizigo, ambako jeneza lilikuwa limewekwa juu ya toroli, kati ya masanduku na ile baiskeli ya mtoto. Afisa wa zamu alivua kofia, akamwinamia mama.

"Pole sana, mama. Ni mwanao?"

Nilifungua mdomo nisahihishe. Mama akajibu kabla yangu.

"Asante, baba. Atalala wapi?"

Afisa akahangaika. Alimtafutia marehemu chumba cha baridi, mama akaletewa kiti na soda. Tulipoachwa peke yetu nikamwambia, "Mama, wamedhani wewe ndiye mfiwa."

"Pole haikataliwi, Aika. Mwenyewe, mama yake, yuko mlimani, hajui tuko wapi. Mimi nampokelea."

Elifuraha alikuwa amekata shauri asingoje mawingu. Rafiki yake wa ufundi alikuwa na pikapu mjini. Wangeondoka alfajiri kwa barabara. Alikuja kutuaga, akampa mama mikono yote miwili.

"Sisi tunakuja nawe," mama akasema.

"Mama!" Nilisahau kabisa adabu zangu. "Tuna tiketi. Tuna hoteli. Presha yako..."

"Tumetoka naye, tutafika naye."

"Hatumjui hata!"

Nadhani nilikuwa nimepaza sauti. Elifuraha aliangalia pembeni. Mama alinijibu polepole, kwa Kiswahili, ili naye Elifuraha asikie.

"Mtu wa nyumbani akiwa njiani hajiwezi, huwezi kumpita ukamwambia utamkuta mbele. Hata kama yeye hasikii. Wewe nenda hotelini, upande ndege yako. Tutaonana Old Moshi."

Kumbukeni ninyi mnaonijua: nilikuwa nimetafuta sababu ya kutopanda ile ndege tena, na sasa nilikuwa nimepewa bure, nayo ikanitia aibu.

Barabara ya kaskazini

Mbele ya pikapu tulikaa mama, mimi na dereva wa yule fundi mwenye pikapu. Nyuma, chini ya turubai, walikaa Elifuraha na rafiki yake, na kati yao Aminieli. Boksi langu la sato lilikuwa miguuni pangu. Nisiwafiche: lilinuka kiasi kwamba pale Chalinze dereva alifungua dirisha na hakulifunga tena.

Kila kizuizi cha polisi kilitupungia mkono baada ya kuchungulia nyuma. Pole mama. Pole sana mama. Mama aliitikia kila mara, na kila mara uso wake ulizidi kuwa wa mfiwa kweli, mpaka kufikia Segera nami nikajikuta napewa pole kama dada wa marehemu, nikaitikia.

Korogwe tulisimama. Nilikwenda kutafuta chakula, nikarudi na wali wa nazi ambao mama aliutazama akasema ni mtamu kwa watu wa huku. Elifuraha alikataa kila kitu. Alikuwa hajala tangu kifo. Basi mama akaniamuru nifungue boksi. Akamtoa sato mmoja mkubwa, akamvunja kwa mikono, akaenda kusimama nyuma ya pikapu.

"Huyu ametoka ziwani kwenu," akamwambia. "Kaka yako alikuwa anakula nini huko?"

"Hiki hiki." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Alikuwa anasema akirudi nyumbani atakosa samaki. Wazee walikuwa wanamtania, wanasema amekuwa mtu wa kula nyoka wa majini."

"Basi kula, ili wakikuuliza uwaambie alivyokuwa."

Akala. Alilia akila, na mama alisimama pale ameshika fimbo mpaka akamaliza, akatema miiba kiganjani mwa mama kama mtoto. Sijawahi kuandika makala yenye faida kama yule samaki.

Kutoka Same mvua ilianza. Mama alikuwa amechoka. Miguu ilimvimba, na nilimpa dawa zake kwa maji ya chupa. Nilikuwa na hofu nyingine sasa, si ya angani. Nikaanza kumwambia mambo niliyokuwa nimeyaandaa kuyasema tukiwa ndani ya ndege ya kurudi: kwamba Mwanza kuna daktari, kwamba nitamjengea banda la kuku, kwamba tukipata shida kule nyumbani ni mwendo wa saa moja na kidogo tu.

Akageuza uso kutoka dirishani.

"Hiyo saa moja," akasema, "ndiyo hii tuliyomo?"

 Mlima ulikuwa umejificha. Tulipofika Kiboriloni, soko lilikuwa limefurika watu wa sikukuu, wakinunua mbuzi na kofia za watoto, na wote walitupisha.

Old Moshi

Barabara ya kupanda ilikuwa tope. Vijana wa mtaa walitukuta chini ya kanisa, wakaisukuma pikapu mpaka nyumbani kwa akina Elifuraha. Mvua ilikuwa imekatika. Watu walikuwa wamejaa chini ya migomba, na nilipoona nyuso zao nilijua jambo fulani halikuwa sawa.

Mzee Elisa, kiongozi wa wachimba kaburi, ndiye aliyetueleza, huku akikwepa kumtazama Elifuraha. Kwetu kaburi halichimbwi mapema, lisije likalala wazi na tupu, likaita mtu mwingine. Basi walikuwa wamekubaliana: simu ya Mama Ndeshi, ya pekee upande ule, ilikuwa haishiki mtandao kwa sababu ya mvua, kwa hiyo wangesubiri waisikie ndege.

"Na tuliisikia," alisema Mzee Elisa. "Ilipita chini kabisa, hapa juu ya kichwa. Tukasema, haya, Aminieli ameshuka. Tukachimba."

Walichimba kwa bidii, kwa kuwa jua lilikuwa linakwenda. Wakamaliza, wakaoga, wakaketi kusikiliza gari. Gari halikuja. Habari kwamba ndege ilikuwa imekwenda Dar iliwafikia kesho yake.

"Sasa lile shimo mlifanyaje, Meku?" mama alimuuliza, akimwita mzee kwa Kichagga.

"Tulikata mgomba tukaulaza ndani. Mama yake alileta shuka akaufunika. Tukakaa nao."

 Mimi niliwaza nilikokuwa wakati ule: juu ya vichwa vyao, macho nimeyafumba, nikipiga hesabu za umbali. Na Aminieli alikuwa chini ya miguu yangu, amefika kwao, amelisikia jembe labda, na amepitishwa.

Mama wa Aminieli alitoka ndani akishikwa mkono. Alikuwa mdogo sana ndani ya kanga zake. Mama yangu akaenda kwake, wakashikana mabega. Pole zote alizozipokea njiani alimkabidhi pale: za afisa wa Dar, za polisi wa Chalinze, za muuza wali wa Korogwe. Alizitaja moja moja, kwa Kichagga, na yule bibi alikuwa akiitikia kila moja, "Asante. Asante. Wabarikiwe."

Wakautoa mgomba wakauegemeza kwenye ukingo. Wakamshusha mwenye nafasi. Mchungaji hakurefusha. Udongo ulikuwa mzito kwa mvua, na ulipoanguka mama alinishika mkono kwa nguvu iliyonishangaza.

"Umeona alivyosafiri?" akaninong'oneza.

"Nimeona, mama."

"Watu wote hawa wamemngoja. Na yeye hakuwa na namna ya kuwaambia nipo njiani."

Msalaba wa baba tuliuweka siku chache baadaye. Tulipika mtori wa ndizi, Mzee Elisa alikuja na pombe ya mbege, nami nikagawa sato waliobaki. Wazee waliwapokea kwa heshima na kuwaweka mbali nao. Mama alilala kitandani kwake. Presha nilimpima kila asubuhi, nikitumaini, Mungu anisamehe, kuikuta imepanda. Haikupanda. Mama Ndeshi alikuwa akivuka mfereji na maziwa bila kuitwa, na binti wa Mama Ndeshi, nesi wa zahanati, alikuwa akipita jioni. Nilitafuta kasoro kama mkaguzi.

Siku ya kuondoka mama aliamka mapema, akavaa vizuri, akakaa nje. Begi lake halikuwepo.

"Mama, tulikubaliana."

"Nilisema twende kwanza. Tumekwenda."

Tulibishana mpaka teksi ikapiga honi mara ya tatu. Nilimwacha bila kumuaga vizuri, nikiwa nimekasirika, tiketi yake ikiwa bado mkobani mwangu.

Uwanja wa Kilimanjaro

Anga lilikuwa safi. Mlima ulikuwa wazi wote, na watalii walikuwa wakiupiga picha kana kwamba haujawahi kufanya lolote baya. Ndege yetu ilikuwepo, kwa wakati wake. Nilikaa ukumbini, nikaona kiti kitupu kando yangu, nikapiga simu kwa Mama Ndeshi. Mtandao ulishika. Nilisikia akipaza sauti kuvuka mfereji, kisha nyayo, kisha pumzi ya mama.

"Aika. Umekula?"

"Mama, bado kuna muda. Nikimrudisha yule wa teksi anakufikisha hapa."

"Anga likoje huko?"

"Safi kabisa. Ni saa moja na kidogo, mama. Leo ni kweli."

"Najua ni kweli." Nikamsikia akivuta kiti. "Sikiliza, mwanangu. Siku yangu ikifika nikiwa huko kwako, utanipakia chini na masanduku, na mawingu yakikataa nitazungushwa, na hawa watalaza mgomba. Ikifika nikiwa hapa, mawingu yakikataa wewe utashuka, utapanda gari, utafika. Una miguu. Una mdomo wa kuuliza njia. Kati yetu wawili, anayeweza kusafiri ni wewe."

Walikuwa wameanza kutuita tutoke kwenda kwenye ndege. Watu walisimama, wakashika mizigo yao.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Basi nenda, usiwacheleweshe wenzako."